Msusi wa waya

Kabla sijaajiriwa kuwakodolea macho watu waliolala, nilikuwa nasuka nywele. Nilianzia Nansio, Ukerewe, nikiwa darasa la sita, chini ya mwembe wa bibi, na kichwa cha kwanza kilikuwa cha mdogo wangu kwa sababu hakuwa na uwezo wa kukataa. Niliendelea kusuka mpaka nikavuka na meli kuja Mwanza kusomea uhudumu wa afya. Ada yote ililipwa na vichwa vya watu. Kwa hiyo nikisema navijua vichwa, sijisifu. Namjua mwenye kovu la utotoni nyuma ya sikio, mwenye nywele zinazokatika katikati, na yule ambaye ukimgusa tu utosini anaanza kusinzia. Huyo wa mwisho ndiye mteja niliyempenda kuliko wote. Anayesinzia halalamiki kwamba umembana.

Siku hizi nafanya kazi kwenye maabara ya usingizi. Neno maabara linawapoteza watu, wanafikiria darubini na vikopo vya mkojo. Yetu ni vyumba viwili mwisho wa korido, ghorofa ya juu, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kimoja kina kitanda, chandarua, feni na kamera darini. Cha pili kina meza, kompyuta yenye skrini mbili, birika la umeme na mimi. Vyumba hivyo vimetenganishwa na plaiwudi tu, maana zamani palikuwa stoo moja ya magodoro. Hiyo plaiwudi usiisahau, tutakutana nayo mbele.

Niliingia humo kwa ajali. Nilikuwa mhudumu wa wodi ya ghorofa hiyo hiyo. Usiku mmoja Dokta, ambaye alisomea mambo haya nje ya nchi, alikuwa amehangaika saa nzima na nusu na fundi wake juu ya kichwa cha mama mmoja mwenye nywele nzito za asili, zile zinazovunja kitana. Waya wakibandika wa kushoto, wa kulia unadondoka. Mama amechoka, Dokta ameloa jasho, fundi ameshika gundi kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Dokta akachungulia wodini: "Kuna yeyote humu anayejua kusuka?" Nikaenda na kitana changu cha mkia kilichokuwa kwenye mkoba. Nikamtenga njia nne, nikabana pembeni, ngozi ikaonekana nyeupe kwenye mstari, na waya zote zikakaa ndani ya dakika ishirini. Mwezi uliofuata nilihamishiwa huko.

Vipimo vya kichwani vina utaratibu wake, unaitwa kumi-ishirini. Unachukua futi kamba, ile ile ya fundi cherehani, unapima kuanzia kibonde cha juu ya pua mpaka kinundu cha kisogoni, kisha sikio mpaka sikio. Urefu unaoupata unaugawa kwa asilimia 10 na 20, ili kichwa cha mtoto na cha baba wa kilo mia vitiwe alama mahali palepale. Kila alama ina herufi na namba. Herufi inataja eneo la ubongo, namba inataja upande: witiri kushoto, shufwa kulia. Fundi alinifundisha siku mbili nikiwa na wasiwasi, kumbe ni kazi ya msusi anayepima njia kwa jicho, safari hii tu amepewa futi.

Kwa kupima usingizi tunabandika sita juu ya kichwa, moja nyuma ya kila sikio, moja pembeni mwa kila jicho, kidevuni, kwenye miundi ya miguu, na za moyo kifuani. Halafu mrija mwembamba chini ya pua, mkanda wa kifua, mkanda wa tumbo, kipaza sauti kidogo shingoni, na kibanio chenye taa nyekundu kwenye kidole kinachosoma oksijeni ya damu. Mtu akimaliza kuvalishwa anajitazama kwenye simu, na wengi hucheka. Baba mmoja wa Igoma hakucheka. Aliuliza taratibu kama damu yake itapita kwenye hizo waya, na kama itapita, inaenda wapi. Nilimwonyesha kwamba umeme unatoka kwake kuja kwenye mashine, tena mdogo mno, wa sehemu ya milioni ya volti, na mashine haimrudishii kitu. Akasema afadhali, na akaomba mke wake aje ashuhudie nikimwambia tena.

Tatizo kubwa ni rasta na wigi za kushonea. Karatasi ya maelekezo inasema uje na kichwa kisafi, bila mafuta, bila nywele za bandia. Lakini anayesoma karatasi ni nani? Mama anakuja saa mbili usiku na rasta za juzi alizozikalia saa sita nzima, na mimi najua bei yake mpaka shilingi. Kumwambia afumue ni kama kumwambia avunje ukuta wa nyumba aliyohamia jana. Wawili waliwahi kurudi nyumbani. Niliposoma kwamba Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, dada mmoja aitwaye Arnelle Etienne alishiriki kubuni elektrodi, yaani vile vipande vya mwisho wa waya vinavyogusa ngozi, zinazokaa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa, nilipiga kelele peke yangu chumbani. Ni twende kilioni! Ile ile tunayosukwa kwenda shule. Tangu hapo wagonjwa wangu nawaambia kwenye simu: njoo na twende kilioni kubwa sita, ziende nyuma, na usipake mafuta. Hizo elektrodi zake hatunazo, ila njia zikinyooka hata zetu za kawaida zinakaa.

Kabla ya kuzima taa tunapima kama kila waya unasoma. Nakaa kwenye kompyuta, naongea kwa kipaza sauti. Fumba macho. Fumbua. Bila kusogeza kichwa, tazama kushoto, tazama kulia. Saga meno. Kunja kidole gumba cha mguu. Halafu linakuja lile ambalo hata leo nalisema nikiwa nimejibana kicheko: "Sasa mzee, naomba ukorome kidogo." Mtu mzima, pengine mkuu wa shule, pengine mzee wa kanisa, amelala chali na waya ishirini, anaombwa akorome kwa makusudi. Wanaume husita kwanza. Wanawake hukataa kabisa: "Mimi sikoromi." Nawaambia basi igiza anavyokoroma baba watoto. Hapo wanakoroma vizuri sana.

Usiku unasomwa kwa kurasa. Ukurasa mmoja ni sekunde 30. Asili yake ni enzi za kalamu na karatasi: karatasi ilitembea milimita 10 kwa sekunde na ukurasa ulikuwa na sentimita 30, basi kipimo kikabaki hivyo hata baada ya karatasi kufa. Saa nane za usingizi ni kurasa 960. Kwa karatasi ya zamani ungekuwa na mita 288 za kukunja asubuhi. Kila ukurasa unapewa daraja lake, kutoka kuwa macho, kusinzia, usingizi wa kati, usingizi mzito wenye mawimbi makubwa ya polepole, mpaka ule wa ndoto ambao macho yanakwenda huku na huku chini ya kope. Huo wa ndoto ulitangazwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Aserinsky aliwahi kumbandika waya mtoto wake mwenyewe wa miaka minane, kwenye mashine kuukuu. Nilipoambiwa hivyo nilimwelewa moja kwa moja. Unaanza na kichwa kilicho karibu.

Nilichokuja kukijua kwenye kazi hii, na ambacho saluni haikunifundisha, ni kwamba anayelala ndiye shahidi mbovu kuliko wote. Haoni chochote. Anayejua ni wa pembeni yake.

Tulimpokea dereva wa lori la mizigo la Mwanza na Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kwenda. Shingo nene, mcheshi, ameletwa na mke wake kwa nguvu kama anavyoletwa mtoto wa chanjo. Yeye alisema hana tatizo ila uchovu wa kazi. Mama akasema: "Dada, huyu anakata. Anakoroma, halafu kimya. Nahesabu. Nikifika ishirini nampiga kiwiko." Amekuwa akihesabu hivyo miaka sita. Kwetu kukoroma ni heshima, ndiyo dalili kwamba baba ameshiba na nyumba imetulia. Hakuna aliyemwambia yule mama kwamba ile hesabu yake ni kipimo cha hospitali.

Kitabuni pumzi ikisimama sekunde 10 au zaidi inahesabiwa. Zikifika tano kwa saa, lipo tatizo. Zikizidi 30 kwa saa, ni kali. Baba yule zilikuwa 54. Nilikuwa naangalia ile mikanda miwili: kifua kinavuta kupanda, tumbo linazama, vinapingana, maana koo limejifunga na mwili unavuta hewa kwenye mlango uliofungwa. Oksijeni inashuka, asilimia 90, 84, 77, mara moja ikagusa 68. Halafu ubongo unashtuka sekunde chache, koo linafunguka kwa mkoromo mmoja mkubwa, na anarudi kulala. Yote hayo mara 54 kila saa. Asubuhi saa kumi na mbili nilipomfungua waya akajinyoosha akasema amelala fofofo. Mke wake akanitazama. Sikujua nicheke au nilie, nikaendelea kufuta gundi.

Dawa yake ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya pua ili koo lisijifunge. Aliyeibuni ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, akaitangaza mwaka 1981, na zile za mwanzo zilitumia mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Kuipata si rahisi na bei yake sitaki hata kuiandika. Halafu umeme. Mashine ikizimika usiku umebaki na barakoa usoni. Tuliambiana hivyo mbele yake tukiwa tumekunja uso, Dokta na mimi, na yeye akashangaa tunachoshangaa. Mtu ana lori. Akafunga betri ya gari chini ya kitanda, akapitisha waya chini ya chandarua, mambo yakaenda. Mama alirudi baada ya wiki tatu kutushukuru kwa sangara mzima wa kukaanga, akasema baba sasa hasinzii hata kanisani, ila yeye bado anaamka usiku kuhesabu. Mkono umezoea, kiwiko kinakwenda chenyewe.

Jinamizi ni habari nyingine. Binti wa chuo, umri kama wa mdogo wangu, alikuja na shangazi yake na chupa ya maji ya maombi. Anaamka, anaona chumba chote, anasikia daladala nje, lakini mwili haunyanyuki na kuna kitu kimemkalia kifuani. Ameombewa, amewekewa chumvi mlangoni, amehamishwa hosteli. Kwa bahati lilimjia usiku ule ule tuliokuwa naye, kwenye saa kumi. Kwenye usingizi wa ndoto mwili hufungwa makusudi, ule mstari wa kidevu unanyooka kama umepigwa rula, vinginevyo kila mtu angekimbia akiota anakimbizwa. Kwake ubongo uliamka na mwili ukachelewa kufunguliwa. Kwenye skrini ilionekana wazi: mawimbi ya mtu aliye macho, macho yanazunguka yakitafuta, kidevu kimya. Niliingia nikamgusa bega, likamwachia. Asubuhi Dokta aliwaonyesha ukurasa huo wote wawili. Binti alilia kwa nafuu. Shangazi alivaa miwani, akatazama muda mrefu, akasema: "Sawa. Lakini aliyeuchelewesha ni nani?" Sikumjibu. Kubishana na shangazi hakumo kwenye majukumu ya mhudumu.

Mimi nafanya usiku tatu kwa wiki. Naingia saa moja, natoka saa moja. Nikifika Mabatini jirani yangu Msukuma ananisalimu mwangaluka, ndiyo kwanza anaamka, na mimi namwitikia huku nautafuta ufunguo wa mlango nikalale. Sabufa ya kijana wa kuuza chipsi inaanza saa tatu. Muuza mkaa saa nne. Bati likipata jua saa sita, chumba kinakuwa jiko. Nimening'iniza blanketi dirishani kwa sababu saa ya mwili inajipanga kwa mwanga unaoingia machoni, hilo nawafundisha wagonjwa kila wiki, na bado jasho linaniamsha. Usiku kazini napambana na saa kumi. Saa kumi ya usiku mwili umepoa kuliko wakati wowote na kope zina uzito wa mfuko wa sementi. Nina karanga, nina chai ya tangawizi, na dirisha la korido linalotazama ziwa. Usiku wa giza naziona taa za wavuvi wa dagaa na najisikia nina wafanyakazi wenzangu. Mbalamwezi ikiwaka hawaendi, dagaa hawaifuati taa ziwa likiwa limeangazwa lote. Wiki hizo za mwezi ndizo zinazonishinda.

Na ilikuwa wiki ya mwezi alipokuja mzee wa dagaa kutoka mwalo mmoja wa upande wa Ilemela. Zaidi ya miaka thelathini usiku anavua, mchana analala kwenye kibanda cha nyavu. Mbalamwezi inamrudisha nyumbani kwa mkewe, na huko halali. Analala chali anahesabu mabati. Mkewe alidhani ana mwanamke mwaloni anayemuwaza. Nilimwamkia shikamoo, nikamtenga nywele zake fupi nyeupe, akasema mikono yangu ni ya mtu anayejua kurekebisha nyavu. Nimepokea sifa nyingi saluni, ile naiweka juu.

Hakulala. Saa sita, saa nane, kurasa zote ni za mtu aliye macho, ametulia tu kama anasubiri kuvuta wavu. Kwenye saa kumi na robo nikafumba macho. Dakika mbili, nilijiambia, huku namsikiliza.

Kilichoniamsha ni mkono begani. Mzee amesimama mlangoni kwangu, kichwani waya zimefungwa fundo nyuma kama mkia wa farasi, kisanduku zinapokutania waya zake kinaning'inia shingoni, ameuchomoa waya mkubwa ukutani mwenyewe. "Binti," akasema, "nimekuita mara nne. Nina mkojo." Nikampeleka. Kwenye korido, huku nimemshikia kisanduku, akaongeza bila hasira yoyote: "Ungekuwa kwenye mtumbwi wangu ningekumwagia maji."

Niliandika kwenye daftari: saa 10:28 mgonjwa ameenda msalani. Basi. Lakini lile pengo la waya uliochomolewa halifichiki, na asubuhi Dokta akauliza. Nikasema nilifumba macho dakika mbili tu. Akarudisha nyuma video ya chumba cha mgonjwa, na sauti. Mzee anaonekana amekaa kitandani, anaita kwa adabu: "Binti. Binti. We binti." Na katikati ya kuita kwake unasikika mkoromo.

Dokta akasimamisha. Akatazama mawimbi: mzee yuko macho kabisa. Kipaza sauti cha shingoni kwake, kimya. "Basi huyu anayekoroma ni nani?" Sote wawili tukaitazama ile plaiwudi.

Alirudi kurasa 26. Dakika kumi na tatu. Nilikuwa tayari kwa karipio, nimeshapanga na maneno ya kuomba radhi. Lakini Dokta hakuwa akinitazama mimi, alikuwa ameinamia spika, anatazama saa yake ya mkononi. Akarudisha tena. Mkoromo, mkoromo, kimya. Kimya kile kikawa kirefu kuliko nilivyopenda. Kisha mkoromo mkubwa. "Sekunde kumi na nne," akasema. Akasikiliza kingine. "Kumi na saba."

Mzee tulimpima upya Alhamisi, mchana, na mablanketi mawili dirishani na redio ndogo aliyoiomba ya kusikiliza mpaka apitiwe. Alilala saa tano na nusu za usingizi safi, na ripoti ikasema hana ugonjwa, saa yake tu imekaa upande wa pili wa siku. Mkewe aliomba nakala yenye mhuri.

Zangu zilikuwa rasta za siku tisa, shilingi elfu arobaini, mpaka kiunoni. Jumamosi nikakaa kwenye kigoda nje ya chumba changu na kuanza kuzifumua. Mdogo wangu, aliyehamia kwangu mwaka jana, akauliza mbona mapema hivyo. Nikampa kitana cha mkia, nikamwambia nina kipimo Jumatatu usiku, anisuke twende kilioni kubwa sita, ziende nyuma, na asinipake mafuta.